Kondoo wa Nyuma

Kwa muda wa miezi saba mizima, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, mke na baiskeli, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba mtoto akizaliwa ni lazima kondoo atoke nyuma ya nyumba, na kwamba kondoo huyo asipotoka, mama wa mtoto hufa. Sikuamini nusunusu, kama mtu anavyoamini habari za mvua. Niliamini kiasi cha kumleta kondoo mzima kutoka Kisesa hadi Mwanza kwa baiskeli, nikamfunga nyuma ya nyumba ya kupanga na kumlisha majani mazuri kuliko mboga niliyokula mimi mwenyewe.

Kabla hujacheka, ngoja nikueleze nilivyofika huko, maana njia yenyewe ilipitia shuleni.

Nilikuwa kuli wa marobota katika jineri moja, yaani kiwanda cha kuchambulia pamba. Mchana kutwa nilibeba marobota, na jioni, nyuzi za pamba zikiwa zimenijaa kichwani na kwenye nyusi kama mzee wa miaka tisini, nilikwenda shule ya usiku. Ilikuwa miaka ile ya kuelekea Uhuru. Kila mtu alitaka kujua kusoma kabla bendera haijapanda, kana kwamba siku hiyo kungekuwa na mtihani. Darasani tulikuwa makuli, wavuvi, fundi baiskeli mmoja, na wazee waliokwisha kuwa na wajukuu. Tulikalia madawati ya watoto wa darasa la kwanza, magoti yamefika masikioni. Taa ilikuwa karabai moja, na wadudu wa ziwani waliifuata kwa mawingu. Mwalimu akiandika neno ubaoni, wadudu walitua juu yake wakaongeza nukta zao. Mara mbili nilinakili wadudu kwenye daftari, na mara zote mbili nikapata vema.

Mwalimu mwenyewe alikuwa kijana wa Kihaya kutoka Bukoba, Mlutheri, hajaoa, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Kiswahili chake kilikuwa safi, na chetu kilimwuma kama jino. Sisi Wasukuma tulikuwa tukisema "ng'ombe ya mimi" na "kondoo ya baba," basi akaamua kututibu kwa makelele.

"Mtu na mnyama ni nini?"

"Wa!" tunajibu darasa zima.

"Kondoo?"

"Wa baba!"

"Na la?"

"La jiwe! La jino! La jani!"

Tuliitikia mpaka mbwa wa mtaa mzima wakawa wanabweka kwa ngeli. Mengi niliyofundishwa yalinitoka, lakini hilo la kondoo lilinikaa. Hata leo ukiniamsha ghafla, ukasema "kondoo," nitakujibu "wa" kabla sijauliza wewe ni nani.

Basi, mwaka wa Uhuru wenyewe, mke wangu akaanza kutapika asubuhi na kuchukia harufu ya samaki, jambo gumu sana kwa mtu anayeishi Kirumba.

Hatukufurahi kwa sauti. Mimba ya kwanza ilikuwa imetoka ikiwa ya miezi mitatu, na baada ya hapo mke wangu alikaa siku nyingi akiutazama ukuta. Mimi nilisimama mlangoni na kofia mkononi. Sikujua la kumwambia, kwa kuwa sikujua hata kilichokuwa kimetokea. Nilijua tu kwamba kimetoka kitu ambacho hakikutakiwa kutoka. Safari hii nikajiapia: nitajua kila kitu. Yeye na mtoto wakipona, isiwe kwa bahati, iwe kwa sababu mume alisoma.

Mungu naye hakukawia. Wiki hiyohiyo mwalimu alikuja na kijitabu cha afya ya mama na mtoto, kimoja kwa darasa zima, tukitumie kujifunza kusoma. Wenzangu waliguna, walitaka habari za kilimo. Mimi nilikidaka kama kipa. Nikaomba nilale nacho siku moja, na sikukirudisha mpaka mwaka uliofuata.

Sasa, mimi kitabu chochote naanza na mwisho, nijue kwanza kama watu wamepona. Nikafunua karatasi ya nyuma kabisa, nikasoma kwa kidole:

"Mtoto akishatoka, kazi bado haijaisha. Ni lazima kondo la nyuma litoke lote. Lisipotoka, mama yumo katika hatari kubwa. Kondo"

Hapo maneno yakaisha. Ukurasa uliofuata haukuwapo. Mwanafunzi mmoja, mzee wa nyavu, alikuwa ameuvuta kabla kijitabu hakijanifikia. Sisemi aliuvuta kwa mkono. Aliuchana, akasokotea tumbaku, akauvuta mpaka mwisho, na elimu yangu ikapaa na moshi.

Kondo. Neno hilo sikuwahi kulisikia. Nyumbani tulisema Kisukuma, na kwenye jineri tulisema "shusha" na "pandisha." Lakini mimi nilikuwa msomi. Nilijua papo hapo kwamba mpiga chapa amesahau "o" moja. Na hiyo "la" na hiyo "litoke" nilizisahihisha kwa penseli, kwa huruma, kama mwalimu alivyonisahihisha mimi. Sentensi yangu ikasomeka vizuri: ni lazima kondoo wa nyuma atoke wote. "Wote" ilinisumbua kidogo. Nikaamua maana yake ni asibakize hata mguu.

Nilimwuliza mwalimu. Alitazama sentensi, akakohoa, akafuta ubao uliokuwa hauna kitu.

"Hayo ni mambo ya akina mama," alisema. "Huja nyuma. Tuendelee na hesabu."

Huja nyuma! Umesikia mwenyewe. Hakukanusha.

Aliyeukamilisha uongo ule ni mwenzangu wa dawati, mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye kivuko cha Kigongo, ambaye hakuna jambo duniani asilolijua. Nilimwonyesha kijitabu tukiwa njiani kurudi nyumbani.

"Wee, hujui habari ya kondoo?" alisema. "Mimi nimeona kwa macho yangu. Mwanamke kaletwa kutoka ng'ambo ya Busisi, kalazwa kwenye machela, anapelekwa hospitali. Mtoto kashazaliwa, analia vizuri tu. Nikasikia wanawake wananong'ona: kondo halijatoka, kondo halijatoka. Bwana, alikata roho katikati ya maji, sisi tunatazama."

Nilisimama. "Kwa nini hawakumtoa huyo kondoo?"

"Ndiyo hapo. Nadhani walimsahau Busisi."

"Lakini kwetu sijawahi kuona kondoo kwenye uzazi."

"Kwenu ni kwenu. Hii ni elimu ya mjini. Hao jirani zenu Waislamu, mtoto akizaliwa, ukichungulia nyuma ya nyumba unaona nini?"

Nikafikiri. Kweli kabisa. Mara mbili, kwa majirani wawili tofauti, mtoto alipozaliwa niliona mnyama. Ile habari ya akika, kwamba humchinjia mtoto siku ya saba, mimi sikuijua. Siku ya saba yenyewe nilikuwa kazini.

"Kondoo," nikajibu.

"Kafungwa wapi?"

"Nyuma."

"Sasa wataka nikuchoree picha?"

Hapo imani ikaingia, ikafunga mlango, ikakaa miezi saba. Mke wangu sikumwambia. Ile habari ya mwanamke wa Busisi niliibeba peke yangu, na nakwambia ilikuwa nzito kuliko robota. Yeye nilimpa zile kurasa zilizobaki, zenye habari njema.

Siku ya kwanza nilirudi nyumbani mbio, nikamkuta anachagua mchele.

"Ana moyo!" nikasema.

"Nani?"

"Mtoto! Mdogo kama mbegu ya pamba, lakini moyo unapiga tayari!"

"Nani kamwona?"

"Kitabu."

"Na kitabu kimeingilia wapi?"

Kijitabu kilipima kwa sentimita, na sentimita mimi sikuziamini, sikuwa nimekutana nazo. Nikapima kwa samaki. Mwezi wa pili ukiisha, nilimweleza, mtoto ni dagaa, lakini dagaa mwenye vidole. Mwezi wa tatu ni furu, na kila kiungo kimeshakaa mahali pake, kilichobaki ni kukua. Mwezi wa tano ni sato wa kumshibisha mtu mmoja. Wa saba ni kambare.

"Kumbe niliolewa na mwuza samaki," alisema. "Na huo wa tisa nitazaa nini, kiboko?"

Mwezi wa tatu hatukutaniana. Alitembea kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa mpaka ukingoni, na mimi nilinyamaza, jambo ambalo jirani mmoja alilichukulia kuwa ni ugonjwa akaniletea dawa. Ulipokwisha, asubuhi ya kwanza ya mwezi wa nne, aliniita "Mwalimu" akiwa bado kitandani.

"Mwalimu, sasa hivi anafanya nini?"

Nilikuwa nimesubiri swali hilo wiki nne. "Anakunywa maji yaliyomzunguka," nikasema, "halafu anakojoa."

"Humohumo?"

"Humohumo."

Akafikiri. "Kweli ni wako."

Toka siku hiyo nikawa na shule yangu mwenyewe, mwanafunzi mmoja na nusu. Mwezi wa tano nilimsomea kwamba mtoto anaota vinywele laini mwili mzima, viitwavyo malaika, na mke wangu akasema afadhali malaika kuliko dagaa. Mwezi huohuo akaushika mkono wangu, akauweka ubavuni mwake, nikapigwa teke. Lilikuwa teke dogo, kama samaki anayegusa ndoano, lakini jineri nzima ilisikia habari zake. Nilisimulia kwa uaminifu wangu wa kawaida, na kufikia saa sita mchana makuli wa bandarini walikuwa wananipa pole kwa kuvunjika mkono.

Mwezi wa sita kijitabu kikasema anasikia. Basi nikainamia tumbo, nikaanza kumfundisha ngeli.

"Kondoo?" nikauliza, nikasubiri.

Teke moja.

"Wa! Amejibu wa!"

"Amesema ondoka," alisema mke wangu.

Mwezi wa saba anafumbua macho gizani. Mwezi wa nane anageuka, kichwa chini, kama mtu anayechungulia kisimani, maana huko ndiko atakakotokea. Niliposoma habari hiyo ya kugeuka, nikajua muda umefika. Yeye anajiandaa, mama yake anajiandaa, na kondoo hayupo.

Jumapili nikapanda baiskeli mpaka kwa mjomba wangu, karibu na Kisesa. Mjomba hakuuliza maswali. Mpwa aliyesoma akitaka kondoo, ana sababu. Alinipa dume moja jeusi kichwani, jeupe mwilini, lenye mkia wa mafuta uliokaribia kunizidi uzito. Tulimfunga kwenye keria. Kutoka Kisesa mpaka mjini kila mtu niliyempita alipiga kelele: "Una abiria nyuma!" Nami nikajibu, kwa kichwa kilichoinuka: "Ndiyo, ni wa nyuma!" Kwenye kila mlima nilisukuma baiskeli, kondoo amekaa juu anatazama mandhari kama bwana mkubwa.

"Wa nini huyo?" aliuliza mke wangu.

"Wa nyuma."

"Naona ameshafungwa nyuma. Nauliza wa nini?"

"Utakuja kunishukuru."

Akadhani ni wa supu ya mzazi. Akatabasamu, akaniita mume mwema, na kwa hiyo hakuna aliyenisahihisha.

Baada ya kondoo akaja mama mkwe, naye kutoka Kisesa, kumwangalia binti yake. Hapo lazima nieleze kitu. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso wala hawasemezani. Yeye akiingia kwa mlango wa mbele, mimi natoka kwa wa nyuma. Ni heshima kubwa, na katika nyumba ya chumba na sebule ni heshima inayochosha miguu. Ukiwa na neno, unalipitisha kwa mtu wa katikati. Mke wangu ndiye aliyekuwa wa katikati, lakini alikuwa mzito na alichoka kupeleka salamu kama posta. Basi siku moja nikiwa uani nikasikia sauti ya mama mkwe kutoka nyuma ya mlango, kwa Kiswahili chake cha kujifunzia sokoni:

"Wewe kondoo! Mwambie mwenye nyumba kuni zimekwisha. Alete halaka."

Nikamtazama kondoo. Kondoo akanitazama.

"Kondoo," nikasema, "mwambie mama shikamoo, kuni naleta sasa hivi."

"Kondoo, mwambie malahaba."

Kuanzia hapo tulielewana vizuri ajabu. Kwa wiki tatu kondoo yule alipeleka ujumbe mwingi kuliko mkuu wa kituo cha reli, na hakukosea hata mmoja.

Uchungu ulianza asubuhi, wiki ya Uhuru yenyewe, mtaa umejaa watoto wanaokimbia na vibendera vya karatasi. Nikaenda mbio kumwita mkunga. Alikuwa mama wa Kiislamu, wa familia ya zamani pale mjini, baba yake alitokea pwani. Alifunzwa kazi hospitalini, naye alikuwa na sauti ambayo ingeweza kusimamisha meli.

"Shikamoo, mama. Mke wangu—"

"Marahaba, baba. Nimeshaona uso wako. Twende."

Nilimpa keria ya baiskeli. Akainusa, akatembea kwa miguu, na bado alifika kabla yangu. Alipoingia, alisema maneno mawili tu: "Wewe, nje." Mama mkwe alikuwa ndani, kwa hiyo hata bila amri nisingeweza kuingia. Nikazunguka nyuma kwenye nafasi yangu, chini ya dirisha, pamoja na kondoo.

Nyuma ya nyumba yetu, kama nyuma ya nyumba nyingi za Mwanza, palikuwa na mawe makubwa kuliko nyumba yenyewe, yameegemeana kama walevi. Nilimlegeza kondoo kamba, ili wakati ukifika asiwe na kisingizio. Nikakaa juu ya ndoo. Nilisikia mke wangu akiguna, kisha akilia, kisha akinitaja kwa majina ambayo sitayaandika. Nilijaribu kukumbuka kurasa: kichwa chini, kidevu kifuani, anashuka. Muda ukapita, mrefu kuliko miezi yote tisa.

Halafu mtoto akalia.

Vigelegele vikalipuka dirishani. Mama mkwe peke yake alipiga vya wanawake ishirini. "Mtoto wa kike!" akapaza mkunga. Nikacheka, nikataka kumkumbatia kondoo. Lakini kondoo, kwa kuogopa vigelegele, alikuwa ameruka na kujichomeka kwenye ufa kati ya majabali mawili. Kichwa na mabega vimeingia, tumbo limekwama. Kilichobaki nje ni miguu ya nyuma na ule mkia.

Na hapohapo nikamsikia mkunga ndani, sauti imeshuka:

"Kondo bado."

Nikamshika kondoo miguu, nikavuta. Hakusogea.

"Bado halijatoka?" Hiyo ilikuwa sauti ya mke wangu, nyembamba.

"Bado. Tulia, mwanangu."

Nikaweka mguu kwenye jabali, nikavuta kwa nguvu zote za jineri.

"Usilivute!" akafoka mkunga. "Mama, usilivute hata kidogo! Litashuka lenyewe!"

Nikamwachia mara moja. Sikushangaa ameonaje kupitia ukuta. Wakunga ni watu wa ajabu. Nilichoshangaa ni kwamba mwanamke mwenye Kiswahili cha pwani anasema "usilivute" kwa mnyama.

"Msugue tumbo," akaendelea. "Taratibu. Hapo chini ya kitovu."

Nikaingiza mkono kwenye ufa, nikamsugua kondoo tumbo. Kitovu chake nilikitafuta kwa muda. Nilisugua taratibu, kama nilivyoagizwa.

"Mweke mtoto titini, anyonye. Itasaidia."

Hilo sikuwa na la kufanya. Kondoo alikuwa dume.

Kisha nilimsikia mkunga akimwambia mama mkwe kwa sauti ndogo: "Likikawia zaidi ya hapa, tutafute gari twende hospitali." Nami nikaliona lile ziwa pale Kigongo, ile machela, watu wamesimama wanatazama maji. Utani wote ulinitoka. Niliweka paji la uso kwenye mgongo wa kondoo, nikamwomba kama mtu anavyomwomba ndugu. Nilimwambia habari za mimba ya kwanza. Nilimwambia kwamba yule mwanamke mle ndani huniita Mwalimu, na kwamba mimi sijui kitu, sijui kitu kabisa. "Toka," nikamwambia. "Tafadhali, toka."

Sijui kama ni machozi yangu au ni kule kusuguliwa. Kondoo akavuta pumzi, tumbo likanywea, akajirusha kinyumenyume akaniangukia kifuani.

"Limetoka!" akapaza mkunga ndani.

"Ametoka!" nikapaza mimi nje, nimelala chali.

"Limetoka lote!"

"Wote! Na mkia!"

Mlango wa nyuma ukafunguka, mkunga akasimama pale, mikono imelowa, ananitazama mimi chini na kondoo juu.

"Mkia gani?"

"Mama, mke wangu?"

"Mzima. Anakunywa uji. Nimekuuliza, mkia gani?"

Nikainuka, nikajipangusa, nikamweleza yote kwa utaratibu: kijitabu, mwanamke wa Busisi, majirani, mjomba, jabali. Nikamwonyesha kondoo kamili, miguu minne. Na kwa kuwa mke wangu alikuwa mzima na mimi nilikuwa nimelewa furaha, nikaongeza:

"Na kwa heshima, mama, nisamehe. Kondoo hatusemi litoke. Kondoo ni wa."

Mdomo ukamtetemeka mkunga. Akakaa kwenye kizingiti, akajifunika uso kwa ncha ya kanga, mabega yanapanda na kushuka. Akajaribu kusema, "Baba, kondo—" akashindwa. Akajaribu tena, "Sikiliza, mwanangu, kondo ni—" akaegemea mlango, akaanza upya kucheka. Ndani nikamsikia mke wangu akicheka naye, akisema "Usinichekeshe, naumia," na mtoto akalia kwa sababu titi linatikisika.

Aliyebaki na akili timamu ni mtu mmoja tu. Nikasikia kandambili zikija mpaka nyuma ya mlango, zikasimama pale nisipoweza kumwona mwenyewe. Nikageuza uso, kwa heshima.

"Wewe kondoo," alisema mama mkwe, polepole, kama anayemfundisha mtu kuhesabu. "Mwambie mwenye nyumba hivi. Ng'ombe akizaa, ndama anatangulia. Halafu nyuma yake kinafuata kile kingine, ile nyama iliyoshikana na kitovu. Ndimo chakula cha mtoto kilimopita tumboni, miezi yote. Kikibaki ndani, ng'ombe anakufa, na mtu vilevile. Yeye amekiona mala nyingi alipokuwa anachunga, na kwa Kisukuma jina lake analijua. Kwa Kiswahili wanaita kondo. Si wewe."